Rangi ya Kinyonga Aliyelala

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mtu wetu, wenye viti tunawaomba mkae, mliokosa mtuvumilie, ili familia iwasomee maisha ya marehemu kama alivyoyaishi na kama alivyoagiza yasomwe, kwa kinywa cha mdogo wake wa kike, aliyepewa kazi hii si kwa sababu ana sauti nzuri, bali kwa sababu ndiye pekee katika familia asiyelia upesi. Ifahamike mapema kwamba ipo sehemu ambayo kaka mkubwa alitaka irukwe, akisema msiba si mahakama, na mjane akamjibu kwamba sehemu hiyo ikirukwa basi isisomwe hata nyingine, na kwa kuwa mjane ndiye aliyelala na kuamka na mtu huyu miaka yote, kaka mkubwa alinyamaza, nasi tutaisoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba fundi saa na mama mfuaji wa mashuka ya hospitali, na tangu ulimi wake ulipofunguka hakuupumzisha, kwa maana alitaka kujua kwa nini mkia wa mjusi unaendelea kucheza wakati mjusi mwenyewe ameshakimbia, na kwa nini mmea wa dirishani unaigeukia barabara ukawapa mgongo wenye nyumba, na konokono anapojifungia ndani anafanya nini humo. Mama alikuwa na mashuka ya wodi nzima ya kupiga pasi, hakuwa na nafasi ya konokono, hivyo siku alipoulizwa kwa nini jogoo anawika kabla jua halijatoka alimwambia akamuulize jogoo mwenyewe, naye, kwa kuwa utani ulikuwa unampita juu ya kichwa, alikwenda akachuchumaa mbele ya banda la jirani hadi kengele ya shule ikalia bila yeye. Baba hakuwa msemaji, lakini siku za Jumapili alimwazima kile kioo cha kukuzia ambacho mafundi saa hukibana jichoni, na tuseme ukweli, hapo ndipo tulipompoteza, kwa sababu kuanzia siku hiyo aliutazama mguu wa nzi kwa mapenzi ambayo ndugu zake wa damu hatukuwahi kuyapata.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, akaendelea na sekondari kuanzia 1965 hadi 1968, ambako alifaulu vizuri kwenye sayansi na kuponea chupuchupu kwenye mengine yote, kisha akachukua mafunzo ya miaka miwili ya kuhifadhi viumbe, yaani kukausha ndege, kujaza ngozi za wanyama na kubana wadudu kwa pini, akapata cheti chake Desemba 1970. Mama alikiweka cheti hicho ukutani, ingawa hadi anafariki aliwaambia watu kwamba mwanawe ni daktari wa wanyama, na alipoulizwa mbona wagonjwa wake wote wamekufa, alijibu kwamba hata hospitalini wapo.

Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa katika nyumba ya makumbusho ya viumbe, lile jengo refu lenye ngazi za mawe ambalo wengi mlioko hapa mlipelekwa mkiwa wanafunzi, mkapangwa wawili wawili, mkaambiwa msiguse vioo, mkavigusa. Kazi yake ilikuwa na pande mbili, asubuhi akikaa chumba cha nyuma kwenye harufu kali ya dawa za kuhifadhia, akishona tumbo la bundi au kunyoosha mabawa ya kipepeo, na mchana akiwatembeza wageni na kuwajibu maswali yao, na katika upande huu wa pili palikuwa na sheria ambayo hamwezi kuyaelewa maisha yake bila kuijua. Mkurugenzi wa wakati ule alikuwa mtu wa kujivuna na jengo lake, naye aliamuru kwamba mgeni asiondoke na swali lake mkononi, kwamba mtumishi atakayesikika akimwambia mgeni "sijui" atapelekwa stoo kupangusa mifupa hadi atakapokumbuka kwamba anajua. Basi watumishi wakajifunza kujua, na wasichokijua wakakitunga, na kwenye chumba cha chai wakashindana ni nani aliyetoa jibu la ajabu zaidi, mpaka mlinzi wa chumba cha ndege akashangiliwa kwa kuwaambia wageni kwamba bundi hatulii na mke mmoja kwa sababu shingo yake inageuka pande zote. Marehemu hakuwa mwongo wa kuzaliwa, lakini alikuwa na ulimi mtamu na alipenda macho ya watoto yakimtazama, na haikuchukua muda mrefu shule zote zikawa zinamwita Bwana Majibu.

Tarehe 22 Julai 1978 alifunga ndoa na mpiga taipu wa ofisi ya ardhi, ambaye leo ni mjane wake, aliyekutana naye alipokwenda kumwomba amchapie vibao vya majina ya mende, na dada huyo akamuuliza kama kuna mende wengi kiasi hicho duniani, naye akakaa akamweleza mpaka ofisi ikafungwa. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza binti, mwaka 1979, ambaye ni muuguzi, wa pili wa kiume, mwaka 1982, ambaye ni dereva wa malori, na wa tatu binti, mwaka 1987, ambaye anafundisha chekechea na ndiye aliyerithi maswali. Alikuwa baba mwema, mpole, msahaulifu wa siku za kuzaliwa, na kwenye friji yake hakuna aliyefungua bakuli bila kuuliza kwanza lina nini.

Sasa tunafika pale kaka mkubwa alipotaka turuke. Siku ya Ijumaa, tarehe 8 Juni 1984, shule moja ilileta wanafunzi makumbusho, na mbele ya tundu la kinyonga, ambaye ndiye alikuwa kiumbe pekee aliye hai katika jengo lile, msichana wa miaka tisa, binti wa fundi viatu, alinyoosha mkono akauliza kinyonga akilala usingizi anakuwa na rangi gani. Lilikuwa swali zuri kuliko yote aliyowahi kuulizwa, marehemu alikiri hivyo mara nyingi baadaye, na hakuwa na jibu lake, lakini mwalimu alikuwa amesimama pale, na mkurugenzi alikuwa anapita na wageni wake, na watoto wote walikuwa wamemkazia macho, basi akafungua kinywa na maneno yakaja yenyewe, akasema, "Akilala anabaki na rangi ya kitu cha mwisho alichokitazama."

Watoto walishusha pumzi wote kwa pamoja, mwalimu akaandika, mkurugenzi akasimama akataka lirudiwe, na kabla ya wiki kuisha likaagizwa liandikwe kwenye kibao cha tundu lile. Mkewe ndiye aliyelichapa kwanza, akasimamisha vidole juu ya mashine akamuuliza kama ana hakika, naye akasema anayo. Jibu lile likatembea, likasomwa redioni kwenye kipindi cha watoto, likaingia kwenye hotuba za mahafali, kina mama wakawaambia watoto wao wakati wa kulala watazame kitu kizuri kabla ya kufumba macho, na marehemu alipolisikia mitaani alitabasamu, mwanzoni kwa fahari na baadaye kwa kukosa la kufanya. Jambo lililomuuma kuliko yote, alilolitaja hata akiwa kitandani mgonjwa, ni kwamba kinyonga alikuwa pale pale, hatua chache kutoka chumba chake cha kazi, akilala kila usiku, na kwa miaka kumi hakuwahi kubaki jioni moja akaenda kumwangalia.

Yule binti wa fundi viatu hakulisahau jibu lile, kwa sababu lilikuwa jibu la swali lake, alilopewa mbele ya shule nzima, na ndilo lililomfanya apende viumbe, akasoma kwa bidii kupita wenzake wote, na mwaka 1994, akiwa na miaka kumi na tisa, akaitwa kwenye usaili wa chuo cha wanyamapori. Wasaili walimwambia ataje jambo moja analolijua kuhusu wanyama watambaao, naye akataja hilo, kwa kichwa kilichoinuka, na mmoja wao akacheka, akamuuliza ni nani aliyemfundisha sayansi ya kubembelezea watoto, na yeye badala ya kunyamaza akatetea, akasema amefundishwa na mtaalamu wa makumbusho, limeandikwa kwenye kibao, waende wakasome. Walimwambia kama ni kweli alete uthibitisho wa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi, na kama si kweli asijisumbue kurudi, kwa maana hawana nafasi ya mtu anayebishania asichokijua.

Tarehe 20 Oktoba 1994, siku ya Alhamisi, binti yule alipanda ngazi za mawe, akamkuta marehemu chumba cha nyuma, akamsalimia shikamoo kwa furaha ya mtu aliyefika kwao, akamweleza yote, kisha akasema, "Niandikie mistari miwili tu, mzee wangu, kwamba ni kweli. Wakiona jina lako watanyamaza." Hapo ndipo marehemu alipokuwa na njia mbili, aseme kwamba alitunga, au aandike uongo wa pili juu ya wa kwanza, naye hakufuata hata moja, akamwambia binti kwamba mkurugenzi amesafiri na mhuri umefungiwa, aje wiki ijayo. Mwezi ule ule jina lake lilikuwa mezani kwa kupandishwa kuwa mkuu wa chumba cha watambaao, pamoja na nyumba ya kazini yenye vyumba vitatu, na watoto walikuwa wanalala watatu kitanda kimoja, tunalisema hili kwa sababu ni kweli, si kwa sababu linamtetea, na yeye mwenyewe alitukataza kulitumia kumtetea.

Jioni ile alimweleza mkewe, mara ya kwanza kumwambia mtu yeyote, na mkewe hakumgombeza, alitoa mashine chini ya meza, akaweka karatasi, akasema, "Haya, niandike nini?" Marehemu alikaa mbele ya karatasi ile mpaka chai ikapoa na watoto wakalala, na mwishowe mkewe akaitoa karatasi ikiwa nyeupe kama alivyoiweka. Binti alirudi wiki iliyofuata akaambiwa mkurugenzi bado, akarudi tena akaambiwa mzee ametoka, na mzee alikuwa stoo, amesimama nyuma ya mifupa ya kiboko, anamsikiliza akiuliza. Mwisho wa mwezi ulipita, Novemba marehemu akapandishwa cheo, na binti wa fundi viatu akarudi kukaa kwenye kibanda cha baba yake, akashika sindano na gundi, na hajawahi kukanyaga chuo chochote.

Ni baada ya hapo tu marehemu alipobaki kazini jioni, akaomba tochi kwa mlinzi, akaenda kumtazama kinyonga, akamkuta ameshikilia kijiti na mkia umejikunja, amelala, amepauka, rangi hafifu iliyofifia mwili mzima, wala haikuhusiana na chochote kilichokuwa mbele yake. Alirudia siku nyingine nyingi, mbele ya kinyonga huyo akamwekea kitambaa chekundu, cha bluu, hata kofia ya mlinzi, na kila alipolala alipauka vile vile. Januari 1995 akaking'oa kile kibao kwa mikono yake, akatoa taarifa kwamba kimeliwa na mchwa, na aliyeulizwa kuthibitisha kama kweli ni mchwa alikuwa yeye mwenyewe.

Wengi wenu mnamjua kwa jina la Mzee Sijui, na mmekuwa mkidhani lilitokana na unyenyekevu au uchekeshaji, basi leo mjue lilitokea wapi. Mkurugenzi mwenye sheria yake alistaafu mwaka 1996, na tangu hapo marehemu kila alipoulizwa swali, hata alilolijua fika, alianza na neno hilo, sijui, kisha akasema tutazame, akawakalisha watoto sakafuni mbele ya sisimizi au jani la mbaazi kwa muda mrefu kiasi kwamba walimu walilalamika kwa maandishi. Watoto wake nyumbani walichoshwa na neno lile, kijana wake aliwahi kumuuliza kama chakula kimeiva akajibiwa sijui, tutazame, na mkewe akasema kwa sauti, ili asikie, kwamba kuna watu wanajifunza kusema jambo siku ambayo aliyelihitaji ameshaondoka.

Kutoka nyumba ya kazini hadi makumbusho njia fupi ilipita mbele ya kibanda cha fundi viatu, na marehemu kwa miaka yote hiyo alizunguka kwa nyuma, kwenye matope ya soko, na soli zake zilipoisha alizipeleka kwa fundi wa upande wa pili wa mji, akapanda basi mara mbili, huku sisi tukimcheka kwamba mzee ana fundi wake maalumu kama waziri. Hatukujua, na hata tungejua hatuna hakika kama tungemsukuma aende, maana sote tuliwahi kulala kwenye vyumba vile vitatu. Alistaafu tarehe 31 Machi 2011, akapewa saa ya ukutani na hotuba, na mtoa hotuba, kwa nia njema kabisa, akalirudia lile jibu la kinyonga, na watu wakapiga makofi, na marehemu akatoka nje akakaa kwenye ngazi.

Februari 2019 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, akapimwa, ikaonekana figo zake zimechoka zote mbili, akaanza kusafishwa damu kwa mashine, na alipoambiwa na daktari hali yake bila kufichwa, hakuuliza amebakiza muda gani, aliuliza kama anaweza kutembea hadi barabarani. Ijumaa ya tarehe 12 Aprili, binti yake muuguzi alimshika mkono wakapita ile njia fupi, akaketi kwenye kigoda cha wateja, na mama fundi, ndiye yule binti wa fundi viatu, ambaye sasa ana nywele nyeupe mbele, alimtambua mara moja, akamwita Bwana Majibu, jina ambalo hakuna aliyelitumia tena, akafurahi, akamwambia kwamba binti yake yuko darasa la nne na ameshamfundisha lile jambo la kinyonga, naye amelisema mbele ya wenzake. Marehemu akamwambia yote, tangu Ijumaa ile ya tundu mpaka stoo ya mifupa, bila kujipunguzia.

Mama fundi alisimamisha sindano, akauliza, "Siku ile nilipokuja, ulikuwa unajua si kweli?"

"Nilikuwa najua," alisema.

Mama fundi hakuinua macho tena, alimalizia soli aliyokuwa anaishona, akakata uzi, akaiweka kwenye rafu pamoja na nyingine, kisha akasema, "Mwanangu amesema uongo wako darasani. Nenda ukamwambie yeye. Mimi usinieleze chochote."

Jumatatu ya tarehe 15 alikwenda, ingawa ilikuwa siku ya mashine na daktari alikasirika, akasimama mbele ya darasa la nne ameegemea meza ya mwalimu, miguu haienei kwenye viatu, akawaambia watoto kwamba jibu walilosikia alilitunga yeye, kwamba kinyonga akilala hupauka, kwamba hajui sawasawa kwa nini, na kwamba aliyelisema pale darasani hakukosea, alidanganywa na mtu mzima. Msichana wa fundi alisimama, akiwa na uso ule ule wa mama yake, akamuuliza kwa nini hakusema tu kwamba hajui. Marehemu alikuwa amejibu sijui kwa zaidi ya miaka ishirini, na binti yake muuguzi, aliyekuwa mlangoni, alidhani atajibu hivyo tena, lakini hilo alilijua, akasema, "Niliogopa. Nilidhani mkijua sijui, hamtanipenda."

Hali yake ilibadilika kuanzia Juni, akalazwa tarehe 2 Agosti, na kila mlango wa wodi ulipofunguka aligeuza kichwa kutazama ni nani, nasi tulijua anayetazamiwa, na hakuja, wala hakuleta salamu, na marehemu hakumlaumu hata mara moja. Alifariki Jumapili, tarehe 18 Agosti 2019, alfajiri, mkewe akiwa ameshika mguu wake kwa sababu mikono ilikuwa na mirija, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, akiacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, waliomvumilia mgonjwa aliyetaka kila bomba lielezwe, inawashukuru majirani, hasa yule mwenye teksi aliyempeleka kwenye mashine na kumrudisha bila kulalamika alipotapika kwenye kiti, inawashukuru watumishi wa makumbusho wa zamani na wa sasa, mwalimu wa darasa la nne, na kila aliyepika, aliyechota maji, aliyekesha nasi na aliyebeba kiti.

Liko agizo moja la mwisho. Mjane alitaka leo, mbele yenu, amwombe mama fundi samahani kwa niaba ya mumewe, na alimwambia hivyo mumewe akiwa bado na nguvu za kuzungumza, naye akakataa, akasema, "Mtu akiombwa samahani mbele ya jeneza hawezi kusema hapana. Mwacheni aweze kusema hapana." Kwa hiyo hatuombi. Hatujui kama yupo hapa, hatumtafuti kwa macho, na tunawasihi nanyi msigeuze shingo, na kama yupo, basi ajue kwamba hakuna anayemsubiri aseme chochote, si leo wala siku nyingine, na kwamba anaweza kuondoka jinsi alivyokuja, na hasira yake ikiwa nzima.

Pumzika, kaka yetu, kwa amani ile uliyoweza kuipata.